Jinsi Nilivyobandua Rangi ya Baiskeli ya Baba

Baba yangu alikata mkonge miaka mingi kabla hajapata baiskeli. Alitoka Ubena akiwa kijana, akaja kwa mkataba kama walivyokuja manamba wengi enzi za Mwingereza, akapangiwa shamba moja kusini ya Kilosa, upande wa njia inayokwenda Mikumi. Hapo alimwoa mama, Msagara wa hapohapo, na hapo nilizaliwa mimi. Siku moja tita la mkonge liliteleza kutoka kwenye toroli likamwangukia gotini. Goti lilipona kwa nje tu. Likipata baridi lilikuwa halikunjuki, na mkata mkonge asiyeweza kuinama na kuinuka siku nzima hamalizi kazi yake, na asipomaliza kazi siku yake haiandikwi kwenye kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi.

Kilichomtoa huko ni baiskeli. Shamba lilihitaji tarishi wa kupeleka barua Kilosa mjini, posta na stesheni, na sharti la kazi hiyo lilikuwa moja: tarishi awe na baiskeli yake mwenyewe. Asiye na baiskeli alibaki kwenye mkonge. Basi fundi mkuu wa mitambo, Mgiriki aliyekuwa akimfahamu baba tangu goti lilipoumia, alipokuwa anarudi kwao kabisa alimwita mlangoni pa karakana akamsukumia baiskeli yake. Baba alipenda sana kutusimulia maneno aliyoambiwa, na aliyasema kwa sauti ya Mgiriki mwenyewe: "Wewe chukua hii. Mguu yako mbaya, baiskeli yangu hapana nzito. Enda nayo."

Kweli haikuwa nzito. Baiskeli zote tulizozijua zilikuwa za chuma, ukiinyanyua unatoa pumzi. Hii fremu yake ilikuwa ya alumini, imetoka Ulaya ndani ya sanduku, na mama aliweza kuiinua kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika ungo. Ila huwezi kujua kwa kuitazama, kwa sababu Mgiriki alikuwa ameipaka rangi ya kijani ya shamba. Kila kitu cha shamba kilipakwa kijani hicho: matoroli, milango, mapipa, mpaka mpini wa koleo. Aliipaka ili isiibwe. Nani angethubutu kuonekana barabarani na kitu cha kijani?

Baba akawa tarishi. Alipanda baiskeli ile kwa miaka mitatu, goti lake la kulia likipumzika kila mteremko. Walimwita Bwana Posta. Na mtu yeyote aliyetaka kusikia, na wengine wasiotaka, aliwaambia kwamba Mzungu yule alimpa kama mtu anavyompa rafiki yake.

Kisha akaja meneja mpya. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu vitu viwe kwenye orodha. Alitangaza kwamba ifikapo Jumatatu kila chenye rangi ya shamba kirudishwe stoo kihesabiwe. Jioni ya siku hiyo mlinzi wa geti, mtu wa mzaha ambaye mzaha wake ulikuwa na mwiba ndani, alimsimamisha baba.

"Bwana Posta, teremka. Huyo farasi ni wa shamba, naiona rangi yake."

"Ni wangu. Nilipewa."

"Ulipewa? Basi na mimi geti hili nimepewa. Kesho nalihamishia kwangu."

Baba alikwenda kwa karani wa stoo. Karani akamwuliza kama ana karatasi. Hakuwa nayo, Mgiriki alitoa kwa mdomo na mkono, na alikuwa ameshavuka bahari. Karani alikuna kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ameagizwa kuandika vitu vya kijani, na kitu kisicho cha kijani hakimhusu. Baba alimshukuru akarudi nyumbani akikokota mguu, na kabla hajala alikuwa ameshatafuta chupa ya kuvunja.

Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili na nasubiri kupangiwa kazi, na katika kambi yetu yote hapakuwa na kijana mwingine aliyefika huko. Nilijua hivyo kila saa ya siku. Nilikuwa navaa soksi.

Baba alikwangua rangi kwa vipande vya chupa. Alifanya hivyo kila alasiri kuanzia Jumanne, ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, fremu imelala mapajani kama mtoto anayenyolewa. Alivuta kipande cha chupa taratibu, kuelekea kwake, na rangi ilitoka kwa nyuzi nyembamba za kijani zilizojikunja zikamwangukia miguuni. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe, kinachong'aa kidogo, ambacho hatukuwahi kukiona. Kipande kikipoteza makali alikitupa kwenye kopo akachukua kingine. Nilijaribu, na pigo langu la kwanza lilichora mfereji.

"Usikandamize," alisema. "Hii ni laini. Iache chupa ifanye kazi, wewe ishike tu."

Hadi Ijumaa alikuwa amemaliza bomba la juu na nusu ya lile la chini. Sehemu ngumu zilikuwa zimebaki: pembe, viungo, na pale chini panapokaa ekseli ya pedali, ambapo rangi ilikuwa nene kama ngozi. Jumamosi ilimbidi aende Kilosa na barua kwa lori la marobota ya mkonge, kwa kuwa baiskeli ilikuwa imefunguliwa yote. Alinikabidhi kopo la vipande vya chupa.

"Endelea taratibu. Usipomaliza leo tutamaliza kesho wote wawili. Jumapili ni ndefu."

Lori lilipopinda tu, nililiweka kopo chini nikaenda karakana.

Pale karakana kulikuwa na pipa la kostiki, ile soda kali ya kusafishia vyuma. Walitumbukiza humo magurudumu ya toroli na vyuma vingine vichafu, na baada ya saa chache vilitoka bila grisi wala rangi, vitupu kama vilivyozaliwa. Mimi nilijua sababu yake kwa kitabu. Niliweza kuiandika ubaoni. Nilimwona baba na vipande vyake vya chupa nikamhurumia, na ndani ya huruma hiyo kulikuwa na dharau, sasa naiona wazi. Fundi wa zamu aliniuliza swali moja tu.

"Ni ya kusafishia chuma?"

"Chuma," nilisema.

Akanijazia debe kutoka chini ya pipa, kule ilikokuwa kali zaidi.

Mama alikuwa anachambua mlenda aliponiona ninakoroga debe juu ya mafiga. Aliuliza ni nini, nikamwambia. Aliinuka, akaiendea fremu iliyoegemea ukuta, akaigonga kwa ukucha. Kisha akaenda kuchukua sufuria akaigonga nayo.

"Sikia. Hii si chuma, mwanangu. Hii ni sufuria."

"Mama, hii ni baiskeli."

"Macho ninayo. Nakuambia metali yake. Mlenda wangu wenye magadi naupika wapi?"

"Kwenye chungu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unapenda chungu."

"Kwa sababu magadi yanaila sufuria. Inakuwa nyeusi, kisha inatoboka. Mwanamke gani hajui hilo? Na hiyo uliyoileta inanuka kama baba yake magadi."

Nilicheka. Nilimwambia, na maneno haya nayakumbuka yote, kwamba kemia si mapishi. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mlenda wake.

Niliilaza fremu juu ya matofali mawili, nikafunga brashi ya singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye kijiti na kuanza kupaka. Hapo nilipopaka, rangi ilivimba, ikakunjamana, ikateleza chini yenyewe. Kazi ambayo baba angeifanya siku mbili ilikuwa inaisha mbele ya macho yangu. Ilitoa povu, ilitoa mvuke wenye harufu ya kukaba koo, na bomba likapata joto. Mama alisema kutoka jikoni, "Mbona inachemka bila moto?" Nilimjibu kwamba ndivyo inavyofanya kazi. Sikujua ndivyo inavyofanya kazi. Chuma kwenye pipa la karakana hakikuwahi kutoa povu, nami nilikuwa nimekiona mara nyingi.

Kwenye viungo rangi ilikuwa bado imeng'ang'ania. Nikalowesha magunia, nikayafunga hapo, nikamimina kilichobaki kwenye debe juu yake. Kingine kiliingia ndani ya mabomba kwa matundu, kikatuama chini kwenye ekseli ya pedali. Kisha nikaenda mtoni kuoga. Huko niliwakuta vijana wenzangu, tukakaa juu ya mawe, nikawaeleza habari za alkali.

Niliporudi jua lilikuwa limehama upande wa pili wa nyumba. Nilifunua magunia. Hapakuwa na rangi hata chembe. Fremu ilikuwa na rangi ya jivu lililolowa, na ngozi yake, sijui niiteje, ilikuwa na vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Niliimwagia maji ndoo sita. Nilipopageuza pale chini, penye ekseli ya pedali, nilibonyeza kwa dole gumba, na metali ikabonyea.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema habari za sufuria, wala siku ile wala nyingine. Alisema, "Akirudi mwambie."

"Nitamwambia."

Badala yake nilikata ndimu nikachukua mchanga laini. Nilisugua hadi vidole vikatoka ngozi, na weusi wote ukaondoka. Ajabu ni kwamba iling'aa. Mabomba ya juu yalikuwa mazuri kuliko baba alivyoyaacha. Kule chini nilichukua lami kidogo, nikaipasha moto, nikaziba vishimo na ile sehemu iliyobonyea, nikapangusa mafuta juu yake ili ionekane kama uchafu wa mnyororo. Nani huinama kutazama huko? Nikaifunga baiskeli yote kabla lori halijarudi.

Baba aliteremka akaiona imesimama mlangoni. Aliizunguka mara mbili. Alipitisha kiganja kwenye bomba la juu.

"Umetumia nini?"

"Dawa ya karakana, na ndimu."

"Mimi nakwangua siku nne, wewe siku moja." Akamgeukia mama. "Unaona? Kumbe shule si kupoteza muda."

Mama alinitazama. Nilikuwa na nafasi hapo, nafasi kubwa kama mlango wa ghala, na nikaenda kuchota maji.

Jumatatu alipita getini akiendesha. Mlinzi alimpigia saluti. "Bwana Posta! Umeoa tena? Huyu bibi harusi mbona anapofusha watu?" Karani wa stoo aliitazama baiskeli, akatazama orodha yake ya vitu vya kijani, akafunua ukurasa mwingine. Baiskeli ikawa ya baba, na kazi ikabaki ya baba. Kama hadithi ingeishia Jumatatu ile, ningeisimulia mimi mwenyewe kwa majivuno mpaka leo.

Wiki hazikupita nyingi meneja akamwita. Alikuwa na bahasha nene ya kupeleka kwenye kambi ya watengenezaji barabara karibu na Mikumi, na gari la shamba lilikuwa bovu. Ni safari ya siku mbili kwa baiskeli, njia ya mawe na mchanga, na sehemu nyingine ni pori lenye tembo. Baba alifurahi, meneja alikuwa amesema kwamba mtu mwenye baiskeli nzuri kama ile ndiye wa kutumwa mbali. Asubuhi alipokuwa anafunga mfuko kwenye keria nilimshikia usukani. Aliibonyeza tairi ya nyuma, akaniuliza kama mtu anavyomwuliza fundi wake.

"Itafika?"

"Itafika, baba."

Ndivyo nilivyosema. Sikuwa na hakika kwamba itavunjika, na mtu anayetaka kunyamaza hupata nguvu nyingi katika kutokuwa na hakika. Nilijiambia lami imeshika vizuri.

Alirudi siku ya sita, kwa miguu. Tulimwona kutoka mbali kwa namna alivyokuwa akirusha ule mguu. Fremu ilikuwa begani, imekatika penye ekseli ya pedali, na magurudumu mawili ameyafunga mgongoni kwa kamba ya katani. Ilikatika siku ya pili, kwenye mteremko usio mkali. Alianguka akachubuka viganja, basi. Lakini barua aliifikisha. Alitembea nayo mpaka Mikumi, ikapokelewa, akageuza.

Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Aliitikia, akaketi, mama akaleta maji ya kukanda goti. Alipokwisha kunywa uji aliivuta fremu karibu, akatia kucha pale ilipokatika, akabandua kipande cha lami kama mtu anavyobandua kigaga.

"Hii lami ni ya nani?"

Mama aliacha kukanda. Najua alinipa muda, kwa sababu kitambaa kilitulia juu ya goti hata mvuke ukaacha kutoka.

"Labda aliiweka yule bwana," nilisema. "Labda ilishatoboka zamani, akaziba, akapaka rangi, ndipo akakupa."

Sikuwa nimeyapanga maneno hayo. Yalitoka yamekamilika, na yalikuwa na akili. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ya soda. Soda niliitumia kwa ujinga.

Baba aligeuza kile kipande cha lami vidoleni. "Kumbe," alisema. Akakidondosha chini, akasema tena, "Kumbe ndiyo maana alipaka rangi."

Asiye na baiskeli hakuwa tarishi. Kazi alipewa mwingine, na kwa sababu ya goti hawakumrudisha kwenye kukata; walimweka kwenye kuanika singa. Kazi hiyo ni nyepesi kwa mikono lakini ni ya juani kutwa, kutembea kati ya nyaya na kutandaza singa mbichi zinazochuruzika maji ya kuwasha. Alitandaza singa mpaka Mwingereza akaondoka na baada yake kidogo. Sikumsikia akilalamika. Kilichobadilika ni kimoja: hakuisema tena ile sauti ya Mgiriki. Watu wa kambi walikuwa wanamchokoza, "Bwana Posta, hebu tuambie alivyosema Mzungu wako," naye alisema, "Alinipa takataka yake. Wazungu ni wale wale." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, na kila mara nilitazama pengine.

Nilipata kazi ya ukarani Morogoro. Mwaka mmoja nilipokuja likizo nilikuta kadi kutoka Ugiriki, imeandikwa kwa Kiswahili cha shamba, inamsalimu baba na kuuliza habari za mguu. Baba aliniambia nimsomee. Nilimsomea. "Weka huko," alisema. "Usijibu." Niliiweka ndani ya sanduku la nguo.

Mama aliniuliza likizo hiyo, akiwa ananisindikiza kwenye basi, "Bado hujamwambia?" Hakunikaripia. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama mvua imefika kwenu.

Ilinichukua miaka mingine minne. Baba na mama walikuwa wamehamia Mvumi ya hukohuko Kilosa, wana shamba dogo la mahindi, na siku hiyo tulikuwa watatu barazani tunapukuchua. Sikuwa nimejiandaa, au tuseme nilikuwa nimejiandaa mara nyingi mno mpaka maneno yalikuwa yamechakaa. Nilimwambia yote: debe, povu, magunia, mtoni, lami, na lile jibu langu. Nilimwambia na habari ya sufuria. Punje zilikuwa zinaendelea kudondoka kwenye ungo wake, hakusimamisha vidole.

Nilidhani atauliza kwa nini. Nilikuwa na jibu.

"Kwa hiyo yule bwana hakunipa kitu kibovu," alisema.

"Hakukupa kitu kibovu, baba. Ilikuwa nzima."

"Na ile kadi alikuwa anauliza mguu."

"Ndiyo."

Aliliweka gunzi chini. "Na mimi nimemsema vibaya kwa watu miaka yote hii. Lete karatasi."

Mama aliingia ndani akaitoa kadi mwenyewe, ikiwa na anwani nyuma. Baba alisema maneno yake polepole, na mimi niliandika juu ya goti langu.

"Andika: Bwana fundi, salaam. Mguu unaumwa wakati wa baridi tu. Nakushukuru kwa baiskeli. Ilikuwa nzuri sana, ilinifikisha kila mahali. Nilichelewa kujibu, nisamehe." Akatafuta neno. "Andika: Iliharibikia mikononi mwangu."

"Baba, niandike kwamba ni mimi niliyeiharibu."

"Yeye hakukupa wewe. Alinipa mimi. Andika nilivyosema."

Nikaandika alivyosema. Alitia jina lake kwa herufi zile kubwa alizojifunza ukubwani, akaikunja karatasi, akasema ataipeleka posta yeye mwenyewe, ya Kilosa mjini, si ya karibu. Nilimwomba nimsindikize akakataa. Alipanda basi asubuhi, akarudi jioni. Jibu halikuja. Kila nilipokwenda likizo aliniuliza barua kutoka huko huchukua muda gani, nami nikamwambia muda mrefu, na mara hii, si kama nilipomwambia itafika, nilikuwa nasema ninachokijua.